Papa wa Roma Hawezi Kukosea

Kisangani, upande wa kushoto wa mto, 10 Mei 1964

Mpendwa Abbé Édouard,

Salamu katika Bwana. Claudine mke wangu anakusalimu, ana mimba, tukijaliwa tutapata mtoto kabla mwaka haujaisha. Mama yako Julie ni mzima. Bado anauza kwanga za muhogo na samaki wa kukausha pale bac, kile kivuko, inapotia nanga, na hakuna mtu anayevuka mto bila kuambiwa kwamba mtoto wake ni padri na anasoma Ulaya. Macho tu ndiyo yanayomsumbua. Barua zako namsomea mimi, mara mbili mbili.

Leo nakuandikia kwa sababu ya Feruzi, fundi cherehani. Unamkumbuka, ndiye aliyekushonea suruali yako ya kwanza ya seminari. Juzi nilipita kwenye baraza yake kuchukua shati, akaniuliza mbele ya wateja: "Mwalimu, sisi Waislamu tunasema Mungu aliwalinda mitume. Lakini mitume wamekwisha. Huyu papa yenu wa Roma, ni mutu kama sisi. Akisema leo mvua itanyesha na haikunyesha, mutafanya nini?"

Watu walicheka. Wakatekumeni wangu wawili, ninaowaandaa kubatizwa, walikuwa pale. Nikamjibu kwamba Baba Mtakatifu hawezi kukosa. Akauliza, hata kidogo? Nikasema hata kidogo. Bon, nikaondoka nimeinua kichwa, lakini nilipofika nyumbani nikaona sina hakika. Kitabu changu cha katekisimu kina mstari mmoja tu juu ya jambo hili.

Wewe unakaa kwenye vitabu vyenyewe. Nieleze: anaweza kukosa au hawezi? Na kama neno hilo lina mipaka, mipaka yake ni ipi? Niandikie polepole, kama kwa mtu wa kijijini, maana lazima niwaeleze wengine.

Mimi katekista wako,
Faustin


Louvain, 29 Mei 1964

Ndugu Faustin,

Nimepata barua yako, asante. Mitihani imetukalia kooni, kwa hiyo nakuandikia kadi tu. Papa wa Roma hawezi kukosea. Waambie hivyo, inatosha. Usibishane na Feruzi barazani.

Mbusu mama kwa niaba yangu.

Abbé Édouard


Kisangani, 2 Julai 1964

Mpendwa Abbé,

Kadi yako ilifika. Niliisoma Jumapili baada ya sala, watu wakiwa bado wamesimama. Padri mkuu alikuwa amekwenda ng'ambo ya mto, donc niliongoza sala mimi. Watu walipiga makofi, si kwa ajili ya mafundisho, nadhani, ila kwa sababu ni mkono wako. Mama Julie aliniomba kadi. Hawezi kuisoma, lakini ameishika kwa kichwa, na ameiweka ndani ya misale yake, kile kitabu chake cha Misa.

Nilimwonyesha Feruzi pia. Aliitazama pande zote mbili, akasema: "Kama padri mwenyewe ameandika, mimi nimenyamaza." Na kweli amenyamaza. Sikutegemea kwamba nitasikitika kidogo, lakini ndivyo ilivyo.

Habari za mashariki si nzuri. Wanasema waasi wamechukua miji, na askari wanawakimbia kabla hata hawajafika. Watu wameanza kununua chumvi nyingi. Utuombee.

Faustin


Louvain, 4 Oktoba 1964

Faustin ndugu yangu,

Tangu mji ulipochukuliwa mwezi wa nane sijapata mstari hata mmoja kutoka kwenu. Redio ya hapa inataja Stanleyville, ndiyo Kisangani yetu, kila jioni, nami nakaa mbele yake kama mtu anayesomewa hukumu. Sijui kama barua hii itafika.

Nilipokuandikia mwezi wa tano sikukujibu. Uliniuliza vizuri, mimi nikakupa mlango uliofungwa. Acha nikueleze sasa.

Mwaka 1870 maaskofu wa dunia nzima walikusanyika Roma, wakabishana juu ya jambo hili miezi kadhaa. Si wapagani waliobisha, ni maaskofu. Wengine waliona si kweli, wengine waliona ni kweli lakini wakati wake haujafika, na wengine waliogopa kwamba watu wa kawaida watalielewa vibaya. Zaidi ya hamsini walifunga mizigo wakaondoka kabla ya siku ya kura, ili wasimwambie Papa "hapana" usoni. Siku yenyewe wawili tu walisema hapana, kisha nao wakakubali.

Na kilichokubaliwa ni kitu chembamba sana. Papa anapolifundisha Kanisa lote, kwa mamlaka yake yote, jambo la imani au la maadili, akatamka wazi kwamba wote lazima walishike, hapo Mungu hamwachi alipotoshe Kanisa. Basi. Tangu mwaka ule ametamka hivyo mara moja tu, mwaka 1950, juu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Nje ya hapo anaweza kukosea. Anaweza kukosea kuhusu mvua, kuhusu vita, kuhusu watu anaowachagua. Sala yake ni sala, si ahadi. Naye anapiga magoti kuungama kama wewe.

Mwambie Feruzi alikuwa na haki ya kuuliza. Na ile kadi, mwombe mama akurudishie, umpe barua hii badala yake. Ni ndefu, lakini msomee yote.

Édouard


Kisangani, 18 Januari 1965

Mpendwa Abbé,

Tuko hai. Posta imefunguliwa juma hili. Claudine alijifungua mtoto wa kike mwezi wa kumi na moja, tumemwita Micheline. Ni mdogo lakini ananyonya.

Kapela imepoteza paa. Tunasali nje, penye kivuli cha ukuta uliobaki.

Mama Julie yuko Yanonge, huko chini ya mto, kwa ndugu zake. Hakutuma neno. Barabara hazipitiki vizuri, usishangae ukikaa bila habari zake.

Nina swali. Mtu akifundisha jambo kwa jina la Kanisa, na jambo lenyewe likawa si hivyo, kosa ni la nani? Nijibu kwa kifupi, usinitumie vitabu.

Faustin


Louvain, 6 Februari 1965

Faustin, ndugu yangu,

Niliposoma "tuko hai" nilikaa chini palepale kwenye ngazi, barua mkononi, wenzangu wakawa wananipita. Mungu ashukuriwe! Na Micheline, hongereni sana, mpe Claudine pole na pongezi zangu.

Mama amefanya vizuri kwenda Yanonge. Yule ni mtu wa mto, pale atakula samaki wabichi na kugombana na wajomba zangu. Nilimwendea daktari wa macho hapa, nikamweleza hali yake, akanipa miwani ya kukisia. Naituma kwa kifurushi. Mpelekee njia ikipitika, uniandikie alivyosema alipoivaa.

Barua yangu ya Oktoba ilirudishwa na mhuri kwamba huduma zimesimama. Nimeitia humu ndani ya bahasha. Imechelewa, lakini bado ni ya kweli.

Kuhusu swali lako: kosa ni la yule aliyefundisha, kama alijua. Kama hakujua, ni la yule aliyemfundisha yeye. Lakini kwa nini unauliza kwa huzuni hivyo? Nani amekusumbua?

Abbé Édouard


Kisangani, 25 Machi 1965

Bismillahi. Kwa Abbé Édouard, mtoto wa jirani yangu.

Baada ya salamu, mimi ni Feruzi bin Hemedi, fundi. Sijawahi kukuandikia, na ningependa iwe kwa jambo la heri. Juzi mwalimu Faustin alikuja kwangu na kifurushi chako, akakiweka juu ya cherehani. Akasema, "Feruzi, mimi siwezi. Muandikie wewe." Kisha akakaa chini.

Mama yako hayuko Yanonge. Alifariki mwezi wa kumi na moja. Pokea pole yangu na ya watu wa nyumba yangu.

Nikueleze ilivyokuwa. Ndege zilipokwisha kushusha askari wa Kizungu ng'ambo, upande wetu wa mto ukabaki mikononi mwa waasi, na risasi hazikukoma. Mapadri walikuwa wamechukuliwa. Watu kama arobaini waliingia kapelani, wakakaa. Walikuwa wameambiwa kwamba Papa wa Roma amesema kwenye redio, aliye ndani ya kanisa hataguswa.

Siku ya tatu, asubuhi, shemeji yangu Asumani alileta mtumbwi, akauficha kwenye majani nyuma ya kapela, tushuke Yanonge. Nikaenda kumwita mama yako. Ni jirani yangu miaka ishirini, na njia ya maji anaijua kuliko sisi. Nikamwambia mtumbwi iko tayari, twende. Akafungua misale, akatoa kadi yako.

Akaniambia: "Feruzi, wewe ulinyamaza siku ile. Sasa unaanza tena? Mutoto yangu aliandika na mukono yake. Papa wa Roma hawezi kukosa. Mimi sitoki."

Ni kweli nilinyamaza. Ningeweza kumshika mkono kwa nguvu. Nilifikiri nitaonekana Mwislamu anayewatoa Wakristo kanisani. Nikaondoka na waliokubali, watu sita.

Saa tatu kitu kilianguka juu ya paa. Kilitoka upande gani wa mto, hakuna anayejua. Walikufa watu kumi na mmoja. Waliopona waliwazika nyuma ya kapela, na mimi niliporudi niliweka ubao wenye jina la mama yako.

Abbé, lile swali niliuliza kuchekesha wateja. Sikuwa na haja ya jibu. Nalifikiria kila siku nikikaa kwenye mashine. Miwani iko kwangu, salama, nitaitunza mpaka utakaposema.

Mengine yaliyobaki si yangu kuyasema.

Feruzi, fundi


Louvain, 12 Aprili 1965

Faustin,

Nimepata barua ya Feruzi. Nimesema Misa tatu kwa ajili ya mama na sikumbuki hata moja.

Uliniandikia kwamba yuko Yanonge, na mimi nikakujibu kwa mzaha juu ya samaki na wajomba. Nilikukasirikia siku mbili nzima. Siku ya tatu hasira ikageuka, ikanitazama mimi.

Sasa nisikilize. Siku ile barua yako ya Mei ilipofika, asubuhi yake nilikuwa nimebishana na profesa mmoja mezani, mbele ya wenzangu. Nilisema kwamba huko kwetu watu wanalielewa neno hili kupita kiasi, na kwamba Kanisa lina deni la kulieleza. Akanijibu kwa upole kwamba padri wa misioni ajifunze kutii kwanza, mengine baadaye. Watu wakatazama sahani zao. Niliona aibu, na niliogopa watanirudisha nyumbani kabla sijamaliza.

Mchana nikapata barua yako. Kadi ile niliiandika nikiwa nimesimama kwenye korido. Niliiandika ili nijisikie mtiifu. Mitihani ilikuwa bado juma zima, nilikuwa na muda. Uliniuliza mipaka. Nililiona neno hilo, nakumbuka kabisa nililiona, nikaliruka.

Kwa hiyo usijitwishe mzigo huu. Nilikuambia kosa ni la aliyefundisha kama alijua. Wewe hukujua. Mimi nilijua. Mama alikufa akiwa ameshika maneno yangu, na maneno yenyewe nusu yake niliyaacha Louvain.

Angalau wewe ulikaa nao mpaka mwisho. Mimi nilikuwa mbali, kwenye joto la stovu, nikisikiliza redio. Nakushukuru kwa hilo.

Édouard


Kisangani, 2 Mei 1965

Abbé,

Sikukaa nao.

Feruzi alikuandikia watu sita. Mimi nilikuwa mmoja wao, na Claudine, na mtoto ambaye alikuwa na siku tisa. Feruzi hakututaja ili niseme mwenyewe. Nimechelewa, kwa sababu kila nikianza naandika jambo lingine.

Nikueleze yote. Redio ilikuwa ya jirani yangu. Nilisikia kwamba Papa wa Roma anatuombea, anaomba watu wasio na silaha wasiguswe. Aliomba tu. Nilipoingia kapelani watu walikuwa wanalia, watoto wana njaa, wote wananitazama mimi. Nikafungua mdomo kusema "anaomba", nikaliona neno ni dogo. Nikasema ameahidi. Nikasema aliye ndani ya nyumba ya Mungu hataguswa, na Papa wa Roma hawezi kukosa, mnajua, Abbé Édouard ametuandikia. Wakatulia. Nilifurahi walipotulia.

Asubuhi ile Feruzi alipokuja, mama yako alipomjibu, mimi nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwao. Neno langu moja lingetosha. Angenisikia mimi. Nilinyamaza, maana kumwambia toka ilikuwa ni kuwaambia wote kwamba niliwadanganya.

Baadaye kidogo Feruzi akaninong'oneza kwamba nafasi iko, kwa ajili ya mzazi na mtoto. Claudine alikuwa amekwisha simama. Tulipita mlango wa nyuma, wa sakristia. Mama yako aliniona. Akauliza, "Mwalimu, unaenda wapi?"

Nikamwambia naenda kuchota maji.

Akanipa sufuria yake.

Nilishuka nayo mpaka Yanonge, nimeipakata. Asumani alisema niitupe, inachukua nafasi ya miguu, sikuweza. Tulisikia mlio tukiwa bado tunakiona kisiwa cha kwanza. Hakuna aliyegeuka.

Kama ningeamini niliyowafundisha, ningekaa. Kama sikuamini, ningewatoa. Sikufanya hata moja. Kwa hiyo usiniambie sikujua. Juu ya Papa wa Roma sikujua. Juu yangu mwenyewe nilijua.

Jumapili bado naongoza sala, watu wananiita mwalimu, na wale waliopona hawaniulizi. Wanafikiri nilitoka kutafuta msaada. Nimewaacha wafikiri.

Wewe ni padri. Naomba uniondolee dhambi hii kwa maandishi, nami nitatimiza malipizi utakayonipa, yoyote yale.

Faustin


Louvain, 9 Juni 1965

Faustin,

Nimekaa na barua yako majuma matatu. Nilijibu mara nne, nikachana.

Siwezi kukuondolea dhambi kwa barua. Kanisa linadai padri na anayeungama wawe mahali pamoja, wasikizane sauti. Zamani niliiona sheria hii kama jambo la kizamani. Safari hii naishukuru, maana ingekuwa rahisi sana kwangu kuandika mstari mmoja, kuutia kwenye bahasha, na kwenda kula. Hiyo nimekwisha kuifanya.

Nimeomba kurudi kabla ya kumaliza. Profesa yule, yule wa mezani, ndiye aliyeniandikia barua ya kunisaidia. Nilimwambia yaliyotokea, akaniomba jina la mama, amwombee. Sikumpa sababu ya kunichukia tena, wala mimi sikupata nguvu ya kumchukia. Alisema jambo moja tu: kwamba naye alijibu kwa kifupi siku ile.

Askofu amekubali. Nitashuka kwa ndege Léopoldville, na kama njia ya mto iko salama nitapanda boti, nifike kwenu kabla ya nusu ya mwezi wa nane.

Sitaki kukudanganya tena kwa maneno mafupi, kwa hiyo soma vizuri. Kama padri, nitakusikiliza, na nitakuondolea, kwa sababu si mali yangu kuizuia. Kama mtoto wa Julie, sijui. Kuna siku nakuhurumia mpaka nalia, nikimfikiria yule mtoto wa siku tisa. Kuna siku nafikiria unapokea sufuria mkononi mwake, nasimama, natembea chumbani mpaka jirani anagonga ukuta. Sijui ni yupi kati ya hawa wawili atakayeshuka kwanza kwenye boti.

Na mimi pia nitatafuta wa kuniungamisha. Ningependa iwe baada yako, siyo kabla.

Waambie watu wa kapela ukweli ukiweza. Usipoweza, tuwaambie pamoja, kuhusu kadi na kuhusu redio, yote mawili Jumapili moja.

Édouard


Kisangani, 1 Julai 1965

Abbé,

Niliwaambia. Jumapili iliyopita, penye ule ukuta. Sikungoja uje, nisije nikajificha nyuma ya kanzu yako. Niliwaeleza kwanza juu ya Papa wa Roma, kama ulivyoandika Oktoba, maaskofu waliobisha na mipaka yote. Halafu nikawaeleza juu ya redio, na juu ya mtumbwi. Mwanamke mmoja aliyepoteza mume alinyanyuka akaondoka, na wengine wakamfuata. Waliobaki walikuwa tisa. Mzee Nicolas aliniambia nimalize sala niliyoianza, nikaimaliza. Sifundishi tena. Namsaidia Feruzi kupiga pasi.

Boti yako ikitia nanga, nitakuwa bandarini. Nimekonda sana, usinipite.

Nimesoma vizuri, kama ulivyoniagiza. Kama padri, na kama mtoto wa Mama Julie. Nakuomba jambo moja. Ukishuka, mtangulize yule mtoto wake. Aniambie yote anayotaka kuniambia, palepale, hata watu wakisikia.

Padri anaweza kungoja.

Faustin